Upande wa Usukani

...kumbe usukani uko huku, haya sasa afanye nini, ashuke wamcheke mara ya pili? maana mara ya kwanza wameshacheka, wale wanawake wanaoanika ndagala pale mchangani wamecheka mpaka mmoja akashika mbavu, na Sumaya, ambaye Mungu alipokuwa akigawa midomo alirudi kwenye mstari, amepaza sauti ufuko mzima wa Baraka usikie, "Mama Tania! Shofere wetu! Utupeleke Fizi basi, tuko tayari!", na Godelieve amekaa tu, mlango ameshaufunga kwa kishindo, na mlango uliofungwa kwa kishindo haufunguliwi tena kwa adabu, usukani umemkabili kifuani kama sinia la chakula ambacho hakukiagiza, na injini inanguruma chini ya nyayo zake, taratibu, tu-tu-tu-tu, kama mzee anayejisemea mwenyewe... mkono ndio uliomponza, si macho, macho yaliona, aliponyanyua zulia la chini kutafuta matope aliuona usukani upande wa kulia, magari yote ya Zuberi yanatoka ng'ambo, Kigoma, na ng'ambo wanaendesha hivyo, kila mtu hapa anajua, lakini Zuberi aliposema "kaa ndani, Mama, uisikie," mkono ukaenda ulikozoea kwenda, mlango wa kulia, mlango wa mke wa shofere, ule aliokuwa akiufungua miaka yote ya Jérémie, Jérémie kushoto na usukani wake, yeye kulia na kikapu mapajani, na leo kikapu kimegonga usukani, honi ikalia, ndiyo hasa iliyowachekesha, honi, paaa, bata wa kwa Zuberi wakakimbilia ziwani... na wacheke, atakaa hapa hapa kama mtu aliyekusudia, atatazama mbele, ataonekana anasikiliza. Na kweli anasikiliza. Sauti ni nzuri, hilo atalisema hata mbele ya padri, haina kikohozi, haina kile kigongo cha chuma ndani kwa ndani ambacho Jérémie alikiita mwenye nyumba anayedai kodi, na huyu Zuberi ameegemea dirisha anasema, anasema, "hii ya buluu nguvu ya injini yake ni elfu na mia tano, Mama Tania, sikufichi kitu, ile nyeupe ni elfu moja tu, zote mbili zimepanda bwato moja, zimeshuka juu ya mbao zile zile, wewe ndiye wa kuchagua, mimi wangu ni mdomo tu," na mdomo kweli anao, lakini si mwizi, mwizi angemwambia zote ni sawa. Kidogo wagombane tangu mwanzo, alipofika aliweka kiganja juu ya kapo, pale mbele inapolala injini, hata salamu hajatoa, akakuta pa moto kama paja la mtoto mwenye malaria, akawaka, "Nani aliiwasha kabla yangu?", Zuberi akajitetea, "Nilikuwa naipasha tu, Mama," naye akamwambia mgonjwa hapewi dawa ya homa kabla ya kupimwa, zima, tutangoja ipoe, na wakangoja, Zuberi akiuma kidole kwa hasira, maana injini iliyopashwa moto ni kama mchumba aliyeletwa nyumbani Jumapili, kila kitu kinang'aa, ngoja umwone Jumatano. Ilipopoa ndipo akasema washa, ikashika mara moja, akavuta kile kijiti cha mafuta, mafuta meusi lakini mazito, hayakuwa na rangi ya maziwa, maji hayajaingia, akaziba bomba la moshi kwa kitambaa cheupe, akakifungua, alama kavu, haili mafuta, zulia likanyanyuliwa, chini mchanga tu, hakuna tope, gari halikuwahi kulala majini, mlango wa nyuma akaunyanyua wenyewe unavyonyanyuka juu kama kifuniko cha sanduku, mifuko ya chumvi itaingia kwa ubapa, mabidoni ya mawese yatasimama... "Motokari isiyo na matako!" Sumaya alisema walipoishusha botini, na ni kweli, haina matako, imekatwa nyuma kama mkate, zote mbili zimekatwa hivyo, nyeupe na ya buluu, mapacha, tofauti ni moyo tu, huyu moyo wa elfu, huyu wa elfu na mia tano. Na yeye alikuja kununua nyeupe. Alikuja na neno hilo moja mdomoni kama mtu aliyetumwa dukani na mama yake, nyeupe, ndogo, ile dhaifu, kwa sababu asubuhi mama mkwe alisimama mlangoni na ufagio, Mama Pulchérie, mgongo umepinda lakini sauti haijapinda, akasema, "Godelieve, nunua motokari yako, sikukatazi, ni jasho yako. Lakini utafute ile basoda na bunduki zao hawawezi kutaka. Kubwa ilinilia Jérémie. Isinilie na huyu," na kidevu akakielekeza kwa Guy aliyekuwa akinawa uso pale uani akiimba, Guy mwanawe wa mwisho, mdogo wa Jérémie, aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo na godoro moja na miguu mirefu, Guy ndiye atakayeendesha, hilo halikujadiliwa hata, gari litakuwa la Godelieve na usukani utakuwa wa Guy, ndivyo mambo yanavyokwenda, mwanamke ananunua ng'ombe, mwanaume anashika kamba, na Godelieve akajibu, "Nimesikia, mama," na alisikia, njia nzima alisikia, kubwa ilinilia Jérémie, kubwa ilinilia Jérémie, wimbo wa kutwanga mihogo. Na ni nani katika Baraka asiyesema hivyo, gari lenye nguvu ni ugonjwa, ukiwa na gari linalopanda milima utatafutwa na kila mwenye bunduki, wa huku, wa kule, na wale ambao hawajui wenyewe ni wa wapi, daktari wa wazungu walimnyang'anya lake, mapadri walinyang'anywa, mfanyabiashara wa Kilembwe alilizika la kwake, kabisa, akachimba shimo na kuzika gari nzima, alipolifukua mchwa na kutu vilikuwa vimeshaketi mezani, kwa hiyo ndogo, dhaifu, nyeupe, isiyo na matako wala sifa, basoda wanaipita kama wanavyoipita mbuzi yenye upele, hayo ndiyo mawazo aliyokuja nayo, yamekunjwa vizuri kama kitenge cha Jumapili... "Shemeki!" Guy anapiga kelele kule mbele, kichwa amekiinamisha karibu na kapo kama daktari asiyesomea, "Shemeki, sikia hii! Hii itapanda Fizi ikiimba!", ndiyo, amesikia, hana haja ya kupigiwa kelele, itapanda ikiimba, na nyeupe je, nyeupe nayo aliisikiliza, nyeupe ni nzima, haina ugonjwa, lakini ni mtoto, na Jérémie alikuwa akisema usimtwishe mtoto mzigo wa mtu mzima, si kwamba hatafika, atafika, lakini atafika na shingo nyingine, injini ndogo ukiipakia inakunywa kuliko kubwa, watu hawaamini, wanadhani udogo ni kujinyima, kumbe injini ndogo kwenye mlima inakunywa esanse kama mtu aliyefiwa, wakati kubwa inapanda na kunyamaza na chupa yako inabaki na kitu. Na ule mlima, Bwana Yesu, ukishavuka daraja la Mutambala ukaacha michikichi nyuma, njia inaanza kukuuliza maswali, makorongo ya mvua, mawe, kisha kona zile ambapo nyasi ni ndefu kuliko mtu, na watu wa huku hawapakii gari kwa kipimo cha kiwandani, wanapakia kwa kipimo cha huruma, kiwandani waliandika watu wanne, njiani utamkuta mama na mtoto anayetetemeka kwa homa, utamwacha? utamkuta mwalimu anayemjua baba yako, utamwacha? utamkuta shangazi wa mtu na kuku wake, na chini yao wote chumvi na sabuni, na nyeupe, maskini, elfu moja, itashika vitesi ya kwanza, ile gia ya mlimani, na kuanza kulia, maji yatachemka, itasimama... pale, katikati ya nyasi ndefu, si kwingine, gari halichagui pa kusimama linachagua pabaya, na kusimama pale ni sawa na kugonga mlango wa mtu usiyemjua usiku na kuuliza, humu mnakaa akina nani. Kwa hiyo kubwa itatamaniwa na ndogo itasimama mbele ya wenye kutamani, basi mtu achague nini, aende kwa baiskeli kama alivyokwenda miaka yote hii, asukume mwenyewe, bidoni mbili kila upande na moja juu, magoti yake yanajua kila jiwe la ule mlima kwa jina... na hawa wanasema vita vimekwisha, wakubwa wametia saini huko mbali, watu wanarudi kila juma na mabwato, mabati yanapigiliwa misumari, sawa, lakini bunduki hazikutia saini, bunduki bado zinazunguka zikiwa na njaa ile ile, Minembwe juu huko na Lulimba kwenye dhahabu na hapa katikati, yeye si mtoto wa kudanganywa kwa saini.

"Na basoda usiwawaze sana, Mama Tania," Zuberi anasema, kumbe bado anasema, anapangusa kioo kwa mkono wa kanzu, "siku hizi magari wanayo yao, tele, nimeyaona kule Uvira yamepangwa kama samaki, shida yao wao ni bashofere tu, hawana wa kuyaendesha," na anacheka kidogo, si kicheko kibaya, kicheko cha biashara... bashofere tu... na injini tu-tu-tu-tu, na jua juu ya kioo, na kitu ndani ya Godelieve kimesimama, kama mtu anayepita njiani akasikia jina lake likiitwa kutoka nyumba asiyoijua, bashofere tu, wanayo magari tele, bashofere tu... kuku. Kwa nini anawaza kuku? Anawaza kuku kwa sababu kuku walitagia ndani ya ile kamyoneti. Ile ile, kamyoneti ya Jérémie, kubwa, ya esanse, moteri ambayo mlima wa Fizi uliisikia ukainama, kuku wa Mama Pulchérie waliingia kwa dirisha na kutagia kwenye kiti cha kulia, kiti chake yeye, na kila asubuhi alikwenda na bakuli akaokota mayai ya moto moto kutoka mahali alipokuwa akikaa na mumewe, aliyaokota msimu mzima, akayakaanga, akamlisha Tania, sasa mwambie, gari lililokula mtu na kwenda naye, lilibakije uani likitagiwa mayai? Subiri. Subiri kwanza. Asubuhi ile. Si ile wanayoisimulia, ile yenyewe. Kila jioni Jérémie alifungua kile kikofia cha umeme kando ya injini akatoa kidude kidogo kinachozunguka ndani, mwenyewe alikiita kidole, si kirefu kuliko kidole, bila hicho moto haufiki popote, gari linakuwa sanamu, akampa yeye, naye akakizika ndani ya mkebe wa chumvi, hayo walifanya kila jioni tangu vita vilipoanza kunusa upande huu, na asubuhi ile walipokuja, kidole kilikuwa ndani ya chumvi. Walikuja wangapi hajui, uani palijaa mabuti. Waliizunguka kamyoneti, wakaipiga mateke ya magurudumu kama wanunuzi, mmoja akaingia akawasha, nyee, nyee, nyee, hakuna kitu, wakafungua kapo, wakachokonoa, mkubwa wao akatema mate akasema, "Hii ni maiti, tuache," na wakaiacha. Waliiacha! Walitoka, walishavuka ua wa miti, yeye pale jikoni alishusha pumzi, akautazama ule mkebe wa chumvi, na alitaka kucheka, anakumbuka sasa vizuri, kicheko kilimfika hapa kooni, tumewashinda kwa chumvi... ndipo yule mkubwa akarudi peke yake. Hakurudi kwenye gari. Gari hakulitazama hata. Huko barabarani lori lao lilikuwa linanguruma, tupu upande wa usukani, shofere wao alikuwa amewatoroka darajani kabla hakujapambazuka, akaingia nyasini, wenzake wakalifikisha hapo kwa kubahatisha, hayo watu waliyajua baadaye, na yule mkubwa akamtazama Jérémie, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza bei ya sabuni, "Shofere ni nani hapa?" na Jérémie akasema, "Ni miye." Angesema nini, mtu ambaye ukimzidishia chenji alirudi na jua kichwani kukurudishia, mtu aliyekuwa na leseni yake ndani ya plastiki ndani ya bahasha ndani ya Biblia, Ni miye, na hata asingesema, mikono ilikuwa imeshasema, weusi wa grisi mpaka kwenye kucha. Akafuta mikono kwa kitambaa, akakikunja kile kitambaa, mara mbili, kwa adabu, akakiweka juu ya kapo ya kamyoneti kama mtu atakayerudi kukichukua, akasema, "Mama Tania, nafika mara moja," akaenda. Walimwona Lulimba, walimwona Kilembwe, kila aliyemwona alimwona akiendesha, halafu hawakumwona. Na kamyoneti ilibaki uani, kidole kikabaki kwenye chumvi, mpaka leo kimo, anachota chumvi akikizunguka na mboga haijawahi kulalamika, baadaye wengine wakaja kung'oa magurudumu, wengine milango, kuku wakahama, lakini gari halikuondoka, na lori... lori lilitoka lini kwenye hadithi? Nani alilitoa? Mama mkwe alisema kubwa ilinilia mwanangu, alisema akilia, na mtu akilia humsahihishi, wageni wakaja wakaambiwa hivyo, wakaenda na kuambiana hivyo, na yeye mwenyewe akaanza kusema hivyo, moteri kubwa ndiyo iliyomponza, kwa sababu kamyoneti ilikuwepo, ilionekana kutoka jikoni, ungeweza kuitukana, aliipiga teke siku moja akavunja ukucha, lori ungelitukania wapi, ungempiga teke nani... Na leo amekuja pwani kuchagua moyo wa gari kwa sababu ya uongo ambao hakuna aliyeukusudia. Elfu, elfu na mia tano, hata angenunua gari la miguu mitatu linalokwenda kwa kusukumwa, hata hilo lina mtu wa mbele, na swali ni lile lile, shofere ni nani hapa... hawakutaka nguvu ya injini. Walitaka mikono.

Na mikono ile pale. Guy ameinua mikono yote miwili juu kumwonyesha, anacheka, meno yote nje, mikono myeusi kwa mafuta mpaka kwenye viwiko, alikwenda kuigusa wapi injini iliyofungwa huyu, ameingia chini, ndiyo, magoti yana mchanga, aliingia chini ya gari kutafuta mafuta yanayovuja na sasa anaonyesha mikono yake kwa ufuko mzima kama bwana harusi anayeonyesha pete, wanawake wa ndagala wanaona, waliopakua mbao wanaona, na wale vijana wawili wenye makoti ya kijani wasio na kazi, wanaokaa siku nzima kwenye ubavu wa bwato bovu, nao wanaona, shofere mpya wa Mama Tania, ndiye yule, mrefu, "Guy!" anataka kuita, ficha mikono hiyo, mpumbavu mkubwa, zamisha ziwani, lakini akiita mbele ya ufuko huu atasema nini, kaka yako hakuliwa na gari... "Shemeki, nakuja niizungushe kidogo?" na Zuberi, "mwache kijana aijaribu, Mama, kijana anaijua kazi," kijana anaijua kazi, hasa, ndiyo tabu yenyewe, Guy kusema uongo anajua tangu ananyonya, kambini alijiandikisha chakula mara mbili kwa majina mawili na makabila mawili, mtu akimwuliza shofere ni nani hapa atasema sijui, mimi nabeba chumvi tu, atalisema akitazama machoni, na angeaminiwa, angeaminiwa kabisa, kama mikono yake ingekuwa ya mbeba chumvi. Basi nani. Fulani wa kukodi? Mwana wa mama mwingine, ili aliwe yeye, Pulchérie wa nyumba nyingine asimame mlangoni na ufagio? Hapana, hilo hapana, yeye haongezi maji kwenye mawese na hatamlipa mtu kwenda kuliwa mahali pa shemeji yake, biashara ya hivyo hajui kuifanya. Nani basi, nani, na mkono wake wa kushoto unafanya nini huko? Mkono wake wa kushoto umeshika kitu. Umekishika tangu lini hajui, labda tangu honi, kirungu cha vitesi, kimejaa kiganjani, cha mviringo, kina joto la jua, na mkono umekaa juu yake kama unavyokaa mkono juu ya kichwa cha mtoto wako gizani, hautafuti, unajua. Unajua kwa sababu ulikaa hapo msimu mzima wa mvua. Ule mwaka kifuniko cha maji ya injini kilipomlipukia Jérémie, mkono wake wa kulia ukababuka mpaka kwenye kiwiko, ukafungwa na mabendeji, na mizigo ya watu ilikuwa inangoja, akamwambia, mimi nitashika usukani kwa kushoto, wewe uko kulia kwangu, vitesi utanibadilishia, na wakaenda hivyo, Baraka mpaka Fizi, Fizi mpaka Baraka, mwili mmoja wenye watu wawili, guu lake likikanyaga ambreyaji, ile klachi, alisema "pili!" na mkono wake yeye wa kushoto ukavuta, "tatu!" ukasukuma, mwanzoni injini ilipiga yowe na abiria wa nyuma wakasali kwa madhehebu yote, halafu Jérémie akaacha kusema, hakuwa na haja ya kusema, mkono ulikuwa unasikia wenyewe, injini ikianza kuchoka kabla ya kona mkono ulishajua, ukashuka, na mkono wa Jérémie ulipopona hawakuacha mara moja, waliendelea siku kadhaa bila kusema kwa nini. Mkono huu huu, upande huu huu. Hakukosea mlango. Amekaa alipokuwa akikaa siku zote, kulia, kirungu kushoto kwake, kikapu mapajani, hakuna kilichohama, ila usukani tu, usukani ndio uliovuka maji ukaja kumkuta... miguu haijui, hilo kweli, miguu ilionja mara chache tu kwenye uwanja wa mpira wa misheni, akaugonga mlingoti wa goli, Jérémie akacheka mpaka akakaa chini, lakini miguu hujifunza, magoti haya yaliyosukuma baiskeli mlima mzima yatashindwa na vibao vitatu vya chuma? Mchangani huku, asubuhi, juma moja, mawili, wacheke, Sumaya alete kiti. Na siku swali litakapokuja, maana litakuja, saini au si saini, atakuja mtu na mabuti na sauti ya kuuliza bei ya sabuni, atatafuta mikono ya mwanaume, ataiona ya Guy, mikavu, myeupe ya chumvi, ataona mwanamke na kitenge chake nyuma ya usukani ulioko upande usio wake, ni nani atakwenda vitani na lori linaloendeshwa na Mama Tania, wakimwuliza shofere ni nani atasema "ni miye," neno lile lile la mumewe, bila kulipunguza, na watacheka kama hawa walivyocheka... na wakiacha kucheka? Hayo ni mengine. Mwanamke wa barabara ya Fizi hajawahi kupita pale bila kuyabeba hayo kichwani pamoja na mzigo wake, anayabeba kwa mguu, ameyabeba kwa baiskeli, hata kama ataendelea kuyabeba afadhali ayabebe na injini isiyosimama kwenye nyasi. Kwa hiyo hii. Ya buluu, elfu na mia tano, inayopanda na kunyamaza, moyo uchaguliwe kwa ajili ya mlima, si kwa ajili ya woga, mlima angalau hausemi uongo. Naye mama mkwe ataambiwa leo leo, Godelieve hatazunguka, atamwambia gari ni kubwa, mama, lakini mwanao ni abiria ndani yake, na kisha, kama atapata pumzi, atamwambia habari ya lori, wakae nayo wawili... tu-tu-tu-tu, inanguruma vile vile, jua liko pale pale kwenye kioo, Zuberi hajaondoa kiwiko dirishani, kule mchangani Sumaya anamwambia mwenzake kitu na wanainamiana kwa kicheko, hakuna aliyesogea ila Guy, Guy amekuja, anafuta mikono kwenye suruali, anafungua mlango wa upande huu, anainama, harufu ya mafuta na jasho na ujana, "Haya, Shemeki, shuka basi, unikalie kando, niishike kidogo."

"Kanawe kwanza mikono," Godelieve anasema. "Kwa sabuni. Mpaka kucha."

"Sabuni ya nini, Shemeki, nitaichafua tena sasa hivi..."

"Hautaichafua tena. Ukimaliza, zunguka upande ule," na kidevu anakielekeza kushoto, kwenye kiti kitupu, "mi niko mahali pangu."